Kazi ya Watu Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Hafidhi ameondoka. Asubuhi alipita ofisini kuaga na begi lake mkononi, na mchana huu yuko angani kwenda Doha, ambako hoteli moja imemwajiri kuangalia lifti zake. Tulikuwa mainjinia wawili kampuni nzima, na lifti tunazozihudumia zimetapakaa Kariakoo yote, nyingine hadi Posta. Sasa nimebaki mimi.

Hafidhi alizikumbuka lifti zote kama mtu anavyokumbuka tabia za wanawe: ipi inakwama mvua ikinyesha, ipi haipendi jenereta. Mimi sina kichwa hicho, ndiyo maana nimeanza kuandika.

Bosi wetu, Mzee Abdulswamad, ameniambia nisiwe na wasiwasi, mtu atapatikana. Hafidhi alipokuwa anaaga alinivuta pembeni akasema, "Shamsa, kule kwenye jengo la kina Ismail usipande peke yako." Nikamwambia sawa. Tukaachia hapo, tunaelewana.

Jumatano, 5 Machi

Lifti tatu mbovu kwa mpigo. Nimefuturia kwenye ngazi za jengo la watu, tende na maji.

Jumatatu, 10 Machi

Wamekuja wa kuomba kazi. Mmoja amewahi kufunga majokofu. Mwingine anajua umeme wa nyumba lakini akiwa juu anapata kizunguzungu. Aliyejua lifti kweli kweli alitaja mshahara, Mzee akacheka, naye akanyanyuka akaondoka bila kugombana. Wanaojua kazi hii wote wanafuata njia ya Hafidhi.

Wa mwisho alikuwa binti, Matilda, amesoma umeme chuo cha ufundi cha VETA, kwao Masasi. Alikaa kwenye kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Nilimuuliza kabati la umeme la lifti ataanzia wapi kulikagua, akasema ataanza kwa kuzima. Wengine wote walianza kunieleza mita na nyaya.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimebishana na Mzee kuhusu Matilda. Hakupandisha sauti, hapandishi kamwe. Alisema wawili wanawake, wateja watasemaje? Nikamkumbusha kwamba na mimi alisema hivyo hivyo, na wateja wameshanizoea. Ukweli ni kwamba hawajanizoea. Mpaka leo nikiingia na boksi la vifaa wananiuliza fundi yuko wapi, lakini hilo sikumwambia.

"Mwanangu, mimi nakusikia," alisema. "Ila kuna mambo hutaki kuyaona."

Nikamwambia ninachokiona ni kwamba niko peke yangu na masika yanakuja. Akakubali, kwa majaribio.

Jumatatu, 17 Machi

Matilda ni mzito. Anakaza skrubu moja kama anasali. Ananiita dada, ananipa shikamoo kila asubuhi, na wakati wa chakula anajificha nyuma ya jengo kula biskuti ili mimi niliyefunga nisione. Nilimwambia ale tu. Kesho yake akajificha tena.

Nimeanza kufikiri nilikosea.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Imeanza alfajiri, haijakatika.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Mashimo ya lifti yamejaa maji. Tumeshinda na pampu, tope mpaka magotini. Nikimrudia Twaha nyumbani Magomeni nanuka grisi na mtaro. Mume wangu ananichemshia maji ya kuoga, lakini kuna namna anavyoiweka ndoo chini.

Jumanne, 25 Machi

Nimempeleka Matilda kwa kina Ismail. Ndilo jengo letu kubwa kuliko yote: maduka ya vitambaa chini, stoo juu, marobota yanapanda na kushuka kutwa. Baba mtu ndiye mwenye jengo, lakini ni mgonjwa, Ismail ndiye msimamizi. Alitupokea kwa adabu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akamwuliza Matilda kwao wapi.

Chumba cha mashine kiko juu kabisa ya paa. Nilimfundisha Matilda kuokoa watu umeme ukikatika. Mmoja anavuta mkono wa breki na kuushikilia. Mwingine anashika gurudumu kubwa la mashine kwa mikono miwili, analizungusha polepole mpaka kibanda cha lifti kifike usawa wa mlango. Ni kazi ya watu wawili. Breki ikiwa wazi halafu wa gurudumu akaachia, kibanda kinaondoka chenyewe na watu wamo ndani.

Ameelewa haraka. Mikono yake mizito ile, kwenye gurudumu ndiyo inayotakiwa.

Nilimwambia pia kwamba katika chumba hiki mlango uachwe wazi muda wote, na ukifanya kazi simama mgongo uwe ukutani. Akadhani ni kwa ajili ya joto na mashine, akaitikia. Nilitaka kumwambia sababu, nikaona nitamtisha, ndiyo kwanza anaanza.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Simu nimezima mpaka adhuhuri. Nilipoiwasha kulikuwa na lifti mbili mbovu zinaningoja.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemdhania vibaya Matilda, acha niandike.

Leo umeme ulikatika, mama mmoja mfanyabiashara akanasa kwenye lifti ya jengo la Mtaa wa Likoma, mzigo kichwani. Alikuwa anapiga mlango kwa viganja akilia kwamba hewa inaisha. Nilikuwa natafuta ufunguo wa chumba cha mashine, ambao mlinzi alikuwa ameondoka nao. Matilda alikaa sakafuni, akaweka mdomo kwenye mwanya wa mlango, akaanza kumwuliza anauza nini. Vitenge. Vya wapi? Mteja wake mkali ni nani? Yule mama akawa anajibu, kwanza kwa kilio, baadaye kwa hasira za mtu anayesimulia mteja msumbufu. Mlinzi alirudi na ufunguo akanishikia breki, na nilipomaliza kumshusha yule mama, mlango ulifunguka akiwa katikati ya hadithi.

Miaka yote hii sijawahi kuzungumza na mtu aliyenasa. Hafidhi naye hakuwahi. Tulikuwa tunawaambia watulie.

Kuna siku nitaugua, au nitapata mtoto, na kazi itakuwa na mtu wa kuishika. Tukiwa tunarudi ofisini kwenye mvua nilimwambia Matilda nitamtafutia nafasi ya kusoma jioni apate diploma, halafu digrii. Alikuwa anatabasamu kwa chini.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Matilda amebadilisha kontakta, ile swichi kubwa ya mota, peke yake, mimi nimesimama tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Umeme umekatika mji mzima. Mimi nilikuwa Posta, kwenye jengo la ofisi, watu wamenasa, mlinzi akanishikia breki. Nilipomaliza Mzee alipiga kuniambia kwamba kwa kina Ismail nako walinasa watu, amemtuma Matilda, wametoka salama. Nilimwuliza amemtuma na nani. Akasema peke yake.

Nimempigia Matilda mara nyingi. Hapokei.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuja kazini. Boksi lake la vifaa nimelikuta mlangoni pa ofisi, limefungwa vizuri. Mzee amesema labda amechoka, mabinti hawadumu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda anakokaa, Buguruni. Ni nyumba ya wapangaji wengi. Uani wanawake walikuwa wanafua, wakanionyesha mlango. Matilda alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, yeye akakaa kitandani. Begi lilikuwa limeshafungwa.

Nimejaribu kuandika alivyonisimulia, bila kuongeza.

Alifika akakuta watu wanapiga kelele kwenye kibanda, wengi, na mtoto mmoja mdogo. Alipanda juu. Hakuna wa kumshikia breki. Ismail alimfuata akamwambia atamsaidia, na kweli alikuwa anajua, ameshatuona mara nyingi. Matilda akauacha mlango wazi kama nilivyomwambia. Akamwonyesha mkono wa breki. Ismail akauvuta, Matilda akashika gurudumu, kibanda kikaanza kushuka.

Ndipo yule mtu akausukuma mlango kwa mguu ukafunga, na mkono wake ambao haukuwa na kazi akaupeleka mwilini mwa Matilda.

"Nilimwambia aachie breki ifunge," Matilda alisema. "Akasema, wewe endelea na kazi yako. Mimi ningeachia gurudumu, dada, kibanda kingeondoka na wale watu. Nilikuwa namsikia yule mtoto."

Hakuachia. Alizungusha mpaka kibanda kikafika, mpaka aliposikia milango ya chini inafunguliwa na watu wanatoka. Muda wote huo yule mtu anafanya alichokuwa anafanya. Halafu ndipo Matilda aliporudisha breki kwa mkono wake mwenyewe, akamsukuma, akatoka. Chini watu walimshukuru. Mtoto alimpungia mkono.

Nilimwambia twende polisi, kwenye dawati la jinsia, nitakwenda naye. Akauliza nani aliona. Akasema baba yake akisikia, hatauliza Ismail alifanya nini, atauliza yeye alikuwa anatafuta nini juu ya paa na mwanaume.

Kisha akanitazama. Tangu nimjue hajawahi kunitazama hivyo.

"Dada, ulinifundisha kusimama mgongo ukutani. Kumbe ulikuwa unajua."

Nilisema ndiyo. Nikamweleza: mwaka juzi Ismail alinifanyia mimi mule mule, si kwa kiasi hicho, na nilimwambia Hafidhi tu, na tangu hapo Hafidhi alikuwa hakubali nipande bila yeye. Nikasema nilitaka kumwambia, niliogopa ataikimbia kazi.

"Mtu anayezungusha gurudumu hawezi kuweka mgongo ukutani," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayenisahihisha kosa la kiufundi.

Aliniomba nimsaidie kumtafutia tiketi ya basi la Masasi kabla ya Pasaka.

Alhamisi, 17 Aprili

Niliingia kwa Mzee Abdulswamad nikafunga mlango. Nilimweleza yote. Alikuwa na tasbihi mkononi, akawa anaipitisha punje kwa punje mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," alisema.

Nilidhani sikumsikia. Akarudia. Hafidhi alimwambia zamani, habari yangu na ya Ismail. "Ndiyo maana sikutaka binti mwingine. Nilikukatalia, ukanilazimisha."

Nikamwuliza kama alijua, kwa nini alimtuma peke yake.

"Nilikuwa na nani mwingine, Shamsa? Watu wamenasa. Niwaache?"

Nimekaa na swali hilo kutwa nzima. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake, simu inalia, mtoto yumo ndani ya kibanda, ningemtuma nani? Ningemtuma Matilda. Hilo linanichoma kuliko jibu lake la kwanza. Sisi wote wawili tulijua, na sisi wote wawili tungemtuma.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemsindikiza Matilda stendi. Mvua ilikuwa inanyesha. Amevaa viatu vyake vya kazi, nadhani hana vingine vya kufungika. Tuliagana kwa mikono.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia Mzee: ama tuliache jengo la kina Ismail, ama niondoke mimi. Sijawahi kusema na mtu mkubwa namna hiyo. Nilimwambia kwa utulivu, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Injinia wa lifti mwenye leseni hapatikani, tumemtafuta wenyewe tukamkosa. Masika yamepamba moto. Bila mimi lifti zake zote zitasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimeajiriwa nilijiona nina nguvu.

Mzee aliniomba nimpe muda afikiri. Alinisindikiza mpaka mlangoni.

Nilimwambia Twaha. Akasema umefanya vizuri. Halafu akasema dada yake Waridi anatafuta mtu wa kumsaidia kwenye fremu yake ya kuuzia mapazia. Nikamwambia sijaacha kazi, nimetoa sharti. Akasema anaelewa.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Lifti nne. Simu ya kina Ismail sikupokea.

Jumatatu, 28 Aprili

Mzee ameamua. Amepitia kwa wakala mmoja, anamleta injinia kutoka nje ya nchi, kwa mshahara ambao Hafidhi angeupata asingepanda ndege. Ameshakubaliana naye. Jengo la kina Ismail linabaki.

Nilidhani uhaba wa mainjinia ndiyo nguvu yangu. Haukuwa nguvu yangu. Yule aliyetaka mshahara akachekwa, huyu amepewa kabla hajaomba. Kumbe uwezo wa kulipa ulikuwepo muda wote, wa kununulia mtu ambaye hatasema neno juu ya Ismail.

Mzee alikuwa mpole kweli. Aliniambia mlango wake uko wazi, akaniinulia mikono akaniombea dua, kazi njema na kizazi chema. Nilisema amina. Kisha nikamwachia funguo nikaondoka, kama nilivyokuwa nimesema.

Ijumaa, 2 Mei

Nimelala mpaka saa nne. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati na sikuwa na haja ya kuwaza shimo la mtu.

Jumatano, 7 Mei

Twaha anafurahi. Hajasema, lakini nasikia anavyoimba bafuni. Si mtu mbaya. Miaka yote amenisubiri nirudi salama, na sasa niko nyumbani. Ningependa angalau siku moja aone huzuni pamoja nami.

Jumanne, 13 Mei

Leo nilikwenda usaili Posta, kampuni nyingine ya lifti, kubwa kuliko ya Mzee. Walikuwa watatu mezani, mmoja mwanamke, Sofia, wa idara ya watumishi. Walianza kwa kunilalamikia kwamba mji unajengwa ghorofa kila kona na mainjinia hawapo, wamefikia kuazimana mafundi na washindani wao. Walinisikiliza nilivyoeleza kazi yangu, wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikaanza kupata tumaini.

Kisha mzee wa katikati akauliza nimeolewa miaka mingapi, na watoto wangapi. Nikasema mitano, bado. Akaandika kitu. Akasema swali la mwisho, nisilichukulie vibaya: wamesikia Kariakoo kwamba nina matatizo na wateja. Ni kweli?

Nilimtazama Sofia. Aliinamisha macho akapanga kalamu zake.

Nilisema, mteja mmoja alimdhalilisha fundi wangu kazini. Mzee wa katikati akasema pole sana, na kwamba watanipigia.

Sofia alinikuta kwenye korido nikisubiri lifti. Alisema kwa sauti ya chini, "Ungesema hapana tu, ndugu yangu. Sisi wote tunasema hapana." Lifti ikafika. Nikaingia, yeye akabaki.

Jumanne, 20 Mei

Hawajapiga.

Ijumaa, 23 Mei

Matilda amepiga simu kutoka Masasi. Mtandao ulikuwa unakatika. Anasaidia kwenye duka la shangazi yake la vifaa vya shule. Nilimwuliza kama huko kuna mafundi umeme, labda angejaribu. Akasema wapo wanaotafutwa, kiwanda cha korosho kinatangaza mpaka kanisani. Nikamwuliza kwa nini haendi. Akasema kule kuna jenereta, na chumba chake kina mlango mmoja.

Nilimwambia nimeacha kazi, na sababu yake.

"Kwa hiyo sasa hakuna hata mmoja wetu kwenye kazi," alisema.

Nilisema ndiyo. Nikamwomba msamaha, nadhani kwa mara ya kwanza kwa maneno kamili. Akasema, "Sawa, dada." Sijui kama ilikuwa sawa ya kusamehe au ya kumaliza maongezi.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeanza kwa Waridi. Napima mapazia, nakata risiti. Wateja hawaniulizi fundi yuko wapi.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imekatika. Barabara zinatoa mvuke.

Jumanne, 3 Juni

Jua kali. Nimefika asubuhi nikakuta watu wamejazana kwenye lango la jengo letu. Fremu ya Waridi iko ghorofa ya tano. Lifti imekufa tangu jana jioni, ikiwa chini, milango inafunguka na kujifunga yenyewe. Wabebaji walikuwa wanapanda ngazi na marobota mgongoni, na akina mama wa maduka ya juu wanalaumu.

Nilisimama nikaitazama kidogo. Nilimfuata mlinzi wa jengo, Mzee Awadhi, nikamwamkia, nikamwomba ufunguo wa chumba cha mashine. Nilimwambia mimi ni injinia wa lifti, naweza kuitazama. Alinichukulia kwa huruma, nadhani kwa sababu ananijua kama yule wa mapazia.

"Acha tu, mwanangu, usije ukapigwa na umeme," alisema. "Bosi ameshatafuta kila mahali. Wanasema mji mzima fundi hakuna."

Waridi alikuwa ananipungia mkono kwenye ngazi, mteja anasubiri juu. Nilichukua mafurushi mawili ya mapazia yaliyokuwa yamekaa chini, moja begani, moja mkononi, nikapanga foleni nyuma ya wabebaji, nikapanda.